Kutoka Dublin hadi Kew: safari ya makumbusho ya polisi

Njia hii inaanzia Dublin, inapanda hadi Belfast, inavuka bahari kwenda Scotland, kisha inateremka kwa treni kupitia Glasgow, Manchester na Birmingham mpaka London. Karibu vituo vyake vyote ni makumbusho ya polisi. Imepangwa kufuata siku za juma kwa sababu makumbusho ya aina hii mara nyingi huendeshwa na askari wastaafu wanaojitolea, na milango haiko wazi kila siku. Ukikosea siku utakuta kufuli. Kabla ya kununua tiketi yoyote, angalia ratiba ya mwezi huo kwenye tovuti ya kila makumbusho.

Kuna jambo la visa linalowaponza wengi. Mtanzania au Mkenya anahitaji visa ya Ireland na visa ya Uingereza, zote mbili. Kati ya Dublin na Belfast hakuna kizuizi wala dirisha la uhamiaji, lakini maofisa hupanda mabasi na kukagua pasi bila kutangaza. Ukikutwa Belfast na visa ya Ireland peke yake, umeingia Uingereza kinyume cha sheria hata kama hakuna aliyekusimamisha njiani. Ule utaratibu wa visa moja kukubalika nchi zote mbili uliwekwa kwa raia wa China na India tu.

Swali la kwenda nalo ni moja. Mtu aliyewahi kuumizwa na polisi, au mtoto wake, akiingia humu atakuta nini kinachomhusu? Makumbusho mengi ya polisi yalianzishwa ili askari wakumbuke wenzao, na hilo ni jambo la haki kabisa. Imani ya raia ni kazi nyingine, na ina vifaa vyake: mlango, lebo, na daftari.

ALHAMISI, DUBLIN

Makumbusho ya Garda, polisi wa Ireland, yako ndani ya Dublin Castle, na kuingia ni bure. Kabla ya kutazama kabati lolote, simama uani kidogo. Ngome hii ndiyo iliyokuwa makao ya utawala wa Waingereza hadi Januari 1922. Mwezi uliofuata ndipo lilipoundwa jeshi jipya la polisi lililokuja kuitwa Garda Síochána, na likaamuliwa liwe la askari wasiobeba bunduki.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, sehemu ya kukaa nayo ni ile ya polisi waliotangulia, yaani Royal Irish Constabulary. Walivaa kijani cha giza, wakabeba bunduki, wakaishi kambini, na askari hakupangwa kazi katika kaunti ya kwao. Polisi wa London, walioanza doria tarehe 29 Septemba 1829, walikuwa kinyume chake: koti la buluu ili wasifanane na wanajeshi waliovaa nyekundu, rungu limefichwa mfukoni, na namba shingoni ili raia aweze kumtaja askari aliyemkosea. Mtu mmoja, Robert Peel, ana mkono wake katika zote mbili. Alikuwa mtawala mwandamizi Ireland na alianzisha kikosi cha kutuliza ghasia huko mwaka 1814, miaka 15 kabla ya London.

Kilichokuja kwetu ni ile kijani. Kuanzia 1907 maofisa waliopangiwa polisi wa makoloni walipelekwa kwanza kwenye kambi ya mafunzo ya Phoenix Park, hapa Dublin. Gwaride, kambi ya familia nyuma ya kituo, bunduki ghalani, askari kutumwa mbali na kwao: anayeishi jirani na laini ya polisi Nairobi au Dar es Salaam atautambua mpangilio huo mara moja. Ndiyo maana kabati hili linatuhusu kuliko linavyoonekana.

Sasa kosa la kujifunza. Serikali ya Ireland ilipanga hafla ya kuwakumbuka polisi hao wa zamani, ifanyike hapa hapa Dublin Castle tarehe 17 Januari 2020. Tangazo lilipotoka, watu walikumbuka Black and Tans, wale askari wa nyongeza walioingizwa ndani ya Royal Irish Constabulary mwaka 1920 na kuchoma miji. Walikumbuka pia uwanja wa Croke Park tarehe 21 Novemba 1920, ambapo watu 14 waliuawa mechi ikichezwa. Mameya na wabunge walisema hawatahudhuria, na siku kumi kabla ya tarehe yenyewe hafla ikaahirishwa. Wengi wa askari wale walikuwa Waairishi wa kawaida waliotafuta mshahara, na wapo wajukuu wao wanaotamani kuwataja bila aibu. Tatizo lilikuwa utaratibu: heshima ilitangazwa kutoka juu kabla ya wazao wa pande zote mbili kuketi na kukubaliana nani atatajwa na kwa maneno gani. Makumbusho yanaweza kuweka sare ya mtu na kueleza aliyoyafanya. Hafla ya serikali inatoa heshima, na heshima hukubaliwa au kukataliwa kwa jumla.

Jambo jema la Dublin liko nje ya makabati. Madaftari ya mahabusu ya polisi wa mji huu, ya miaka 1905 hadi 1908 na 1911 hadi 1918, yamepigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kuwekwa kwenye maktaba ya kidijitali ya University College Dublin. Unafungua na kusoma jina, umri, kazi, kosa, na askari aliyekamata. Ni kama OB ya Kenya au RB ya Tanzania, ila iliyofunguliwa kwa kila mtu baada ya karne moja. Mjukuu wa mfanyakazi aliyekamatwa kwenye mgomo mkubwa wa 1913 anaweza kusoma kilichoandikwa juu ya babu yake na kukipinga.

IJUMAA, BELFAST

Treni ya Enterprise kutoka stesheni ya Connolly huchukua kama saa mbili na kushuka Grand Central, stesheni mpya iliyofunguliwa 2024.

Makumbusho ya polisi ya hapa yako ndani ya makao makuu ya polisi wa Ireland ya Kaskazini, barabara ya Knock, mashariki mwa mji. Piga simu mapema, chukua kitambulisho chenye picha, na usitegemee kuingia na begi kubwa. Hii ni ngome inayolindwa, na sababu ipo. Askari zaidi ya 300 wa Royal Ulster Constabulary, jina la zamani la polisi wa hapa, waliuawa katika ile miongo mitatu ya vita kati ya waliotaka kuungana na Ireland, wengi wao Wakatoliki, na waliotaka kubaki na Uingereza, wengi wao Waprotestanti, na bustani yao ya kumbukumbu iko ndani ya uzio huo huo. Mjane wa askari huingia pale akiwa salama. Lakini mtu wa mtaa wa Wakatoliki wa magharibi mwa mji, ambaye kwa miaka mingi aliona magari ya kivita ya kijivu yakipita mlangoni kwake, hawezi kupita geti la silaha ili akatazame makabati. Hata maonyesho yangekuwa ya haki kiasi gani, mahali pameshachagua nani atayaona.

Kwa hiyo Belfast somo la imani linasomwa zaidi kwenye nembo na takwimu. Ripoti ya tume ya Chris Patten kuhusu mageuzi ya polisi ilitoka Septemba 1999 ikiwa na mapendekezo 175. Wakatoliki walikuwa kama asilimia 8 ya polisi, katika jamii ambayo wao ni zaidi ya asilimia 40. Tarehe 4 Novemba 2001 jeshi lilibadilishwa jina kuwa Police Service of Northern Ireland, na kwa miaka kumi waajiriwa wapya wakachukuliwa nusu Wakatoliki, nusu wasio Wakatoliki. Kufikia 2011 Wakatoliki walikuwa karibu asilimia 30. Itazame nembo mpya kwa karibu: nyota yenye msalaba wa Mtakatifu Patrick katikati, na kuizunguka kuna alama sita, mizani, taji, kinubi, mwenge, tawi la mzeituni na jani la shamrock. Taji ni la wale wanaotaka kubaki na Uingereza, kinubi na shamrock ni alama za Ireland, na nyingine tatu hazina upande. Ilichukua mabishano marefu kupatikana, na kila kipande kimelipiwa.

Mwenye siku ya ziada apande basi hadi Derry, kwenye Museum of Free Derry, mtaa wa Bogside. Haya si ya polisi. Yameanzishwa na familia za raia waliouawa na wanajeshi tarehe 30 Januari 1972. Hapo ndipo utaona ugumu wa kuorodhesha majina. Mwaka 2017, yalipofunguliwa upya, orodha ya waliouawa mjini iliwaweka raia pamoja na askari na wanajeshi. Baadhi ya jamaa walipinga vikali, wakakaa ndani ya jengo, na uongozi ukalazimika kurudi mezani. Kwa mtunza makumbusho, kuweka majina yote kwenye orodha moja ni uamuzi wa kiofisi. Kwa dada wa marehemu, ni kumlaza ndugu yake kaburi moja na aliyemuua. Kabla ya kuchapa orodha yoyote ya majina, peleka nakala kwa kila familia, wape muda wa kutosha wa kujibu, na amua mapema utafanya nini ikiwa mmoja atakataa.

JUMAMOSI, BAHARINI

Meli ya Belfast hadi Cairnryan ni saa mbili na robo. Cairnryan haina reli, kwa hiyo nunua tiketi ya basi linalounganisha meli na Glasgow, la sivyo utabaki bandarini. Pasi na visa ya Uingereza viwe mkononi.

JUMAPILI, GLASGOW

Glasgow Police Museum yako mtaa wa Bell, katikati ya mji, na kuingia ni bure. Msimu wa baridi siku za kufungua hupungua sana, na Jumapili ni mojawapo ya zilizobaki. Sheria iliyounda polisi wa Glasgow ilipita mwaka 1800, miaka 29 kabla ya London, na watu wa hapa hawachoki kulisema hilo.

Utaona utepe wa mraba mweusi na mweupe kwenye kofia. Uliletwa 1932 na mkuu wa polisi Percy Sillitoe ili askari atambulike mbali, na leo uko kwenye kofia za polisi katika nchi nyingi. Sillitoe alikuwa amewahi kuwa polisi Rhodesia ya Kaskazini na ofisa wa utawala Tanganyika wakati Waingereza walipokuwa wanaichukua kutoka kwa Wajerumani. Mistari ya polisi wa himaya inapita kila mahali, na inafaa iandikwe kwenye lebo.

Hapa ndipo pa kuangalia utunzaji wa sare, kwani makumbusho haya yana nyingi, hata za nchi za kigeni. Sare ya sufu haivumilii taa. Kiwango cha kawaida ni lux 50, yaani mwanga hafifu ambao mgeni hulalamika kuwa hasomi. Nondo huanza chini ya kola na ndani ya mshono wa kwapa, ambako jasho la zamani limebaki. Dawa isiyoharibu kitu ni baridi: funga sare kwenye plastiki isiyopitisha hewa, kisha iweke kwenye friza ya nyuzi 30 chini ya sifuri kwa saa 72, au friza ya kawaida ya nyumbani, nyuzi 18 chini ya sifuri, kwa wiki mbili. Ikitoka, iache ndani ya plastiki kwa siku nzima ili unyevu usigande juu ya kitambaa. Anayefungua mapema hupata ukungu. Friza ya nyumbani inapatikana Dodoma kama inavyopatikana Glasgow.

Kwa nini hili linahusu imani? Kwa sababu vitu dhaifu huzungushwa: miezi michache kabatini, kisha stoo. Angalia ni kitu gani kinachozungushwa na kipi kinachobaki. Kwenye makumbusho mengi ya polisi, medali ni za kudumu, na habari ya raia aliyekufa mikononi mwa polisi ni maonyesho ya muda. Baada ya miezi sita habari hiyo inakuwa haipo.

Glasgow ina kesi inayostahili ukuta mzima. Mwaka 1908 mwanamke mzee, Marion Gilchrist, aliuawa nyumbani kwake. Mwaka 1909 Oscar Slater, Myahudi mzaliwa wa Ujerumani, alihukumiwa kifo, adhabu ikageuzwa kifungo cha maisha, akakaa gerezani Peterhead zaidi ya miaka 18. Mpelelezi wa polisi wa hapa hapa, John Thomson Trench, aliona kwamba ushahidi ulifichwa na akatoa nyaraka nje. Mwaka 1914 alifukuzwa kazi, na 1919 akafa kabla ya kuona hukumu ikifutwa mwaka 1928. Ukiongea na mstaafu anayekaribisha wageni, muulize juu ya Trench. Askari aliyepoteza kazi kwa ajili ya ukweli ni shujaa wa polisi na wa raia kwa pamoja, na watu wa namna hiyo ni wachache mno kwenye kabati za medali.

Mei 2023 mkuu wa Police Scotland wakati huo, Iain Livingstone, alitamka hadharani kwamba jeshi lake lina ubaguzi wa rangi wa kitaasisi. Alisema hayo uchunguzi wa kifo cha Sheku Bayoh, aliyefia mikononi mwa polisi mjini Kirkcaldy tarehe 3 Mei 2015, ukiendelea. Tamko kama hilo ni kitu cha makumbusho tayari. Nakala yake iliyosainiwa iombwe mapema, kabla haijapotea kwenye kompyuta za ofisi.

JUMATATU

Treni hadi Manchester, safari ya saa tatu na kidogo. Makumbusho hayafunguliwi siku hii.

JUMANNE, MANCHESTER

Makumbusho ya polisi wa Greater Manchester yako mtaa wa Newton, ndani ya kituo halisi kilichojengwa 1879 na kufungwa 1979. Jumanne ndiyo siku yao ya jadi ya kupokea wageni, na ni bure. Unaingia kwenye kaunta ya mapokezi iliyopangwa kama ya miaka ya 1920, kisha selo, kisha chumba cha mahakama cha mwaka 1895 kilichohamishwa mzima kutoka Denton.

Kaa ndani ya selo kwa dakika chache na utazame mto. Ni gogo la mbao lililochongwa mteremko, limefungwa kichwani mwa kitanda cha ubao. Halikuwekwa kwa ukatili peke yake: mto wa nguo ulibeba chawa, na ungeweza kuchanwa vipande vya kujinyongea. Kipande hicho cha mbao kinafundisha kuliko bango refu, maana mtoto wa shule hulaza kichwa chake pale na kuelewa. Kosa la kawaida kwenye selo za makumbusho ni kuligeuza jambo hilo kuwa mzaha, watoto wakipigwa picha wamefungwa pingu huku wakicheka. Kwenye kundi lolote kuna uwezekano wa mtoto ambaye baba yake amelala rumande wiki hiyo. Mwongoza wageni anayejua kazi yake huuliza mwalimu mapema na huacha mlango wa selo wazi mpaka mtoto mwenyewe aombe ufungwe.

Makumbusho haya yalifunguliwa kwa raia mwaka 1981. Julai ya mwaka huo huo mtaa wa Moss Side, wenye watu wengi weusi, uliwaka, na kituo cha polisi cha huko kilizingirwa na umati. Wastaafu wanaosimama kwenye kaunta wengine walikuwa kazini usiku ule, na hawa ni hazina kubwa na hatari pia. Anakumbuka harufu, mawe, hofu yake mwenyewe. Hawezi kukumbuka ya kijana aliyekuwa upande wa pili. Dawa yake ni kuwaweka wasimulizi wawili, ikiwezekana siku moja, na kurekodi wote. Rekodi kwa saa moja na nusu, usizidi. Wape fomu ya ridhaa inayotaja wazi kama sauti itawekwa hadharani, itafungwa kwa miaka kadhaa, au jina litafichwa. Na mwache mtu abadili mawazo baada ya kusikiliza alichosema. Usimwulize mstaafu juu ya kesi ambayo bado iko kwenye uchunguzi. Rekodi yako inaweza kuitwa mahakamani, na ahadi ya siri uliyompa haitasimama mbele ya hakimu.

Onyo la kiufundi kwa anayepokea vitu vya stoo ya zamani: vinyago vingi vya gesi vya wakati wa Vita Kuu ya Pili vina asbesto kwenye vichujio. Usimruhusu mtoto kuvaa hata kimoja. Vifunge kwenye mifuko miwili ya plastiki, bandika lebo, na mwite mtaalamu. Bunduki nazo zisiingie kabatini kabla ya kuharibiwa kitaalamu na kupata cheti.

JUMATANO, BIRMINGHAM

Saa moja na nusu kwa treni. West Midlands Police Museum yako kwenye jengo la mahabusu la Steelhouse Lane, lililojengwa 1891, likatumika hadi 2016, likafunguliwa kama makumbusho mwaka 2022. Chini kuna njia ya ardhini inayokwenda moja kwa moja mahakamani. Nunua tiketi mtandaoni kabla ya kufika. Picha za wafungwa za hapa ni miongoni mwa za kale kabisa Uingereza, kuanzia miaka ya 1850.

Jengo lililofungwa juzi tu lina tatizo ambalo la 1879 halina: waliofungwa humo wako hai. Mwanamume wa miaka 40 anaweza kuja na watoto wake na kuonyesha selo aliyolala. Kwetu Nairobi tunaijua hali hiyo. Selo za chini ya Nyayo House, ambako wapinzani wa serikali waliteswa miaka ya 1980, zilifunguliwa kwa waathirika na waandishi wa habari mwaka 2003, na waliozitembeza walikuwa wale wale walioteseka ndani. Hakuna lebo inayoshinda mtu anayesema, maji yalifika hapa.

Birmingham ni mji wa vyuma, na vifaa vya polisi wa himaya nzima vilitoka hapa. Firimbi ya polisi ni ya Joseph Hudson, aliyepata mkataba wa London miaka ya 1880: bomba la shaba lenye sauti mbili zinazogongana, likisikika zaidi ya maili moja, badala ya njuga ya mbao iliyotumika awali. Pingu zilitoka kwa kampuni ya Hiatt, iliyoanza karibu 1780, ambayo pia ilitengeneza minyororo ya watumwa. Lebo nyingi huishia kwenye neno Hiatt na mwaka.

Tuiandike lebo kwa namna mbili. Ya kwanza: “Pingu, chuma, Hiatt, Birmingham, karne ya 19.” Ya pili: “Pingu, chuma. Zilitengenezwa Birmingham na Hiatt, kampuni iliyotengeneza pia minyororo ya watumwa. Hakuna rekodi ya waliofungwa nazo.” Ya pili ina maneno 17. Mgeni wa kawaida husoma lebo fupi na kuacha ndefu, kwa hiyo kikwazo hakiwi nafasi ya ukutani. Kanuni tunayoipendekeza kwa mwandishi wa lebo za polisi ni kutaja mtendaji. “Alifariki akiwa mahabusu” ni sentensi isiyo na mtu ndani yake. Andika nani alimkamata, nani alikuwa zamu, daktari aliitwa saa ngapi, mahakama ilisema nini.

Mji huu una kipimo chake. Tarehe 21 Novemba 1974 mabomu yaliua watu 21 kwenye baa. Wanaume sita walikamatwa kwa tuhuma hiyo, wakapigwa, wakatiwa hatiani 1975, na kuachiwa tarehe 14 Machi 1991 baada ya ushahidi kuporomoka. Kikosi cha upelelezi wa makosa makubwa cha West Midlands kilivunjwa 1989 kwa tuhuma za kughushi maungamo. Ukifika, tafuta habari hizo ukutani. Ukizikosa, andika kwenye kitabu cha wageni kwa adabu, ukitaja tarehe. Wasimamizi husoma vitabu hivyo wanapoomba fedha kwa wafadhili, na ombi lenye tarehe lina uzito kuliko lawama.

IJUMAA, LONDON

Alhamisi tuliipitisha safarini na kwenye maktaba. Bow Street Police Museum yako mkabala na Royal Opera House, kwenye kituo cha mwaka 1881 ambacho sehemu yake kubwa sasa ni hoteli. Kuna kiingilio, na siku za wazi ni za mwisho wa juma. Ni taasisi ya hisani inayojitegemea, si mali ya polisi, na tofauti hiyo unaisikia kwenye sauti ya maelezo. Kizimba cha mahakama kimehifadhiwa, kile walichopandishwa wanawake waliodai kura. Mahakama yenyewe ilifungwa Julai 2006.

Mwaka 1967 Norwell Roberts, mzaliwa wa Anguilla, aliapishwa kuwa askari wa kwanza mweusi wa polisi wa London baada ya vita, akapangwa kituo hiki hiki. Amesimulia hadharani jinsi wenzake walivyomtenga na kumtukana. Alidumu miaka 30 na akapewa medali ya Malkia.

Makumbusho haya yalifunguliwa Mei 2021, karibu miezi mitatu baada ya Sarah Everard, mwanamke wa London, kuuawa na askari aliyekuwa bado katika utumishi. Ripoti ya Louise Casey ya Machi 2023 ikalikuta jeshi la London na ubaguzi wa kitaasisi. Makumbusho hayawezi kufuta hayo, wala hayapaswi kujaribu. Na pale London kuna kinyume chake cha kulinganisha: mkusanyiko wa ushahidi wa makosa ulioanza miaka ya 1870, ulio ndani ya makao makuu ya polisi, haujawahi kuwa wazi kwa raia wa kawaida. Ulipotolewa kwa maonyesho ya muda mwaka 2015 kwenye Museum of London, waandaaji waliacha karibu kesi zote za baada ya 1975 na hawakuonyesha viungo vya binadamu, kwa ajili ya jamaa walio hai. Huo ni mpaka wenye busara kuiga.

Jihadhari na jambo moja utakalolisikia kila ziara: zile kanuni tisa za Peel, polisi ni raia na raia ni polisi. Peel hakuziandika. Zilitungwa kwa umbo hilo na mwanahistoria Charles Reith katika karne ya 20. Maneno ni mazuri, lakini lebo inayosema “1829” chini yake ni ya uongo.

JUMAMOSI, KEW

Nyaraka za taifa la Uingereza ziko Kew, magharibi mwa London. Kwa msomaji wa Kiswahili hapa ndipo penye daftari lake. Mwaka 1961 waziri wa makoloni Iain Macleod aliagiza kwamba serikali mpya za uhuru zisiachiwe nyaraka zinazoweza kuwaaibisha, kati ya wengine, polisi na watoa habari wao. Nyingi zilichomwa. Nyingine zilisafirishwa na kufichwa Hanslope Park, kituo cha serikali chenye ulinzi huko Uingereza. Serikali ilikiri kuwa nazo mwaka 2011, katika kesi iliyofunguliwa na wazee wa Mau Mau. Juni 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228. Mafaili, kama 20,000 ya makoloni 37, yamo kwenye mfululizo FCO 141, yakiwemo ya Kenya, Tanganyika na Zanzibar.

Utaratibu ni huu. Weka nafasi mtandaoni na uagize mafaili siku kadhaa kabla. Kwa tiketi ya msomaji leta nyaraka mbili halisi, moja ya jina na picha, nyingine ya anwani. Mgeni atafute taarifa ya benki yenye anwani ya nyumbani kwao. Ndani huingii na kalamu ya wino wala chakula. Penseli, kompyuta na simu inayopiga picha bila mwanga vinaruhusiwa. Mwaka 2022 mfululizo wote uliondolewa kwa muda kwa hofu ya mabaki ya dawa ya wadudu, na uliporudishwa uliwekewa masharti ya kushika, kwa hiyo soma maelezo ya sasa kwanza.

Usitafute kwa jina la babu peke yake, kwani karani aliliandika alivyolisikia. Anza na wilaya, kisha mwaka, kisha neno “polisi” au “usalama” kwa Kiingereza. Piga picha ya jalada la mbele kabla ya kurasa za ndani, ili namba ya faili isipotee, kisha kila ukurasa kwa mpangilio hata ulio mtupu. Ukimaliza, tengeneza nakala mbili: moja ya familia, nyingine ya maktaba ya wilaya ile ile faili lilikotoka.